Kwa Nini Bado Tunaimba Nyimbo za Mbinguni
Neno lililotolewa na wazee wa kwaya usiku wa mkesha wa Yubile



Sisi mnaotuona hapa mbele ndio mnaotuita wazee wa kwaya. Tulipoingia tulikuwa vijana wa kukimbia kutoka shambani hadi mazoezini. Leo magoti hayatukubalii kusimama nyimbo tatu mfululizo. Tumeombwa tuseme neno la kutia moyo katika mwaka huu wa 50. Tungeweza kusimulia jinsi sare ya kwanza ilivyopatikana kwa harambee, lakini hayo yameandikwa kwingine katika kitabu hiki. Sisi tumeamua kujibu swali ambalo tuna deni nalo tangu mwaka 2023.

Mwaka huo, mwezi wa Mei, tulimzika baba wa binti mmoja wa sauti ya alto. Tuliimba nyimbo tatu, zote za mbinguni, kama kawaida yetu. Siku kumi baadaye binti alirudi mazoezini. Aliketi mahali pake, lakini kitabu hakukifungua. Mwalimu alipomuuliza kama ni mgonjwa, alisimama akasema: “Mwalimu, si mgonjwa. Nataka tu kuwauliza wazazi wangu hapa. Wale wanaofukuliwa Shakahola nao waliambiwa wanaenda kumwona Yesu. Sisi tumemwimbia baba kwamba tutamwona Yesu. Tofauti yetu na wao ni gani?”

Hakuna aliyejibu. Mnakumbuka siku zile. Kila jioni redio ilitaja hesabu mpya ya miili iliyofukuliwa katika msitu ule wa Kaunti ya Kilifi, hadi ikapita 400, na wengi walikuwa watoto. Walikuwa wameambiwa wafunge chakula mpaka wafe kwa sababu mwisho umefika. Tulifunga mazoezi kwa sala, tukaenda nyumbani kila mtu na mawazo yake. Tangu siku hiyo tumesoma, tumeulizana, na tumeomba. Binti yetu, uko hapa usiku huu. Sikiliza tulichokipata.

Kwanza tulirudi kwenye kitabu cha Ufunuo, maana nyimbo zetu nyingi zimetoka huko. Tulikiri kwamba tulikuwa tunakiimba bila kukisoma. Yohana alikuwa kisiwani Patmo kwa sababu ya ushuhuda wake. Aliandika kwa makanisa saba ya Asia: Efeso, Smirna, Pergamo, Thiatira, Sardi, Filadelfia na Laodikia. Makanisa hayo hayakuwa na nguvu yoyote mbele ya Dola ya Rumi. Smirna walikuwa maskini na wakisingiziwa. Filadelfia walikuwa na nguvu kidogo tu. Watu kama hao hawakuhitaji kuongezewa hofu, hofu walikuwa nayo tayari. Walihitaji kujua ni nani aliyeketi kwenye kiti cha enzi huku Kaisari akijiita bwana.

Ndiyo maana maono yale hayaanzi na maafa. Tazama mpangilio wake. Katika sura ya 4 mlango unafunguliwa mbinguni, na jambo la kwanza linalosikika baada ya ngurumo ni wimbo. Wenye uhai wanne wanaanza, wazee ishirini na wanne wanapokea. Katika sura ya 5 malaika maelfu kwa maelfu wanaongezeka, mwishowe kila kiumbe mbinguni, duniani na baharini kinaimba. Ni sura ya 6 tu ndipo mihuri inaanza kufunguliwa na wapanda farasi kutoka. Wimbo umetangulia.

Halafu hauishii hapo. Kati ya mihuri, katika sura ya 7, tunasikia mkutano usiohesabika ukiimba na matawi ya mitende mikononi. Baragumu ya saba ikilia, katika sura ya 11, sauti kuu zinatangaza utawala wa Bwana. Katika sura ya 15, kabla ya vitasa kumwagwa, walioshinda wanaimba wimbo wa Musa na wa Mwana-Kondoo. Katika sura ya 19, Babeli ukiwa umeanguka, inasikika Haleluya, mara nne. Wanakwaya, neno hilo tunaloliimba kila Jumapili halipatikani popote pengine katika Agano Jipya isipokuwa katika sura hiyo moja. Sisi waimbaji tunaelewa mpangilio huo. Beti zinaweza kuwa nzito na za huzuni, lakini kiitikio kinarudi, na kiitikio ndicho kinachobeba wimbo.

Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza, binti yetu. Anayetumia habari za mwisho kuwafanya watu watetemeke mbele yake ameanza na wapanda farasi na kuuruka wimbo. Yohana mwenyewe alianguka kama mfu kwa hofu alipomwona Bwana, na Bwana akamwekea mkono wa kuume akamwambia asiogope. Ukisikia mafundisho ya mwisho wa dunia ambayo hayana mkono huo, jihadhari.

Tofauti ya pili ni yule anayefungua kitabu. Katika sura ya 5 Yohana alilia sana kwa kuwa hakuonekana anayestahili kukifungua. Akaambiwa Simba wa Yuda ameshinda. Alipogeuka kumtazama huyo Simba, alimwona Mwana-Kondoo, naye alikuwa na alama ya kuchinjwa. Hapo ndipo uhakika wetu ulipo. Historia yote imewekwa katika mikono yenye makovu. Mwana-Kondoo huyu alitoa damu yake kwa ajili ya watu, hakudai damu yao. Kwa hiyo mtu yeyote, hata awe na Biblia mkononi na sauti tamu kuliko zetu, akikudai mwili wako au wa mtoto wako ili upate kumwona Yesu, huyo hafanani na yule aliye kwenye kiti cha enzi. Dhabihu ilikwisha kutolewa mara moja. Haidaiwi tena.

Tulipofika hapo mmoja wetu akauliza: je, Wakristo wa kwanza hawakufa kwa imani? Walikufa. Lakini tazama walivyokufa. Smirna, lile kanisa maskini la sura ya 2, baadaye lilikuwa na askofu aliyeitwa Polikapo. Aliuawa katika karne ya pili, akiwa mzee aliyesema amemtumikia Kristo miaka 86. Wakristo wa Smirna waliandika barua kueleza kifo chake. Wanasema wazi kwamba hawawasifu wanaojipeleka wenyewe kifoni. Wanamtaja Kwinto, aliyejitokeza kwa hiari na kuwashawishi wengine wafanye vivyo hivyo, na alipowaona wanyama wakali akaikana imani. Polikapo alikubali ushauri wa rafiki zake akatoka mjini, akakaa shambani, akaomba. Askari walipomkuta aliagiza wapewe chakula na kinywaji, akawaomba saa moja tu ya kusali. Mtu mwenye tumaini la kweli hakitafuti kifo, na kifo kikimfuata humkuta akiwalisha hata adui zake. Linganisheni hilo na mtoto anayenyimwa uji kwa jina la Bwana.

Tofauti ya tatu ni kuhusu siku na saa. Bwana mwenyewe alisema, katika Marko 13, kwamba siku ile hakuna aijuaye, wala malaika wala Mwana, ila Baba. Lakini katika kila kizazi wanatokea wanaoijua. Marekani, mhubiri William Miller alipiga hesabu kutoka kitabu cha Danieli, na wafuasi wake wakaitazamia tarehe 22 Oktoba 1844. Wapo waliokuwa wameyaacha mazao shambani bila kuvuna. Siku ikapita, jua likachomoza kama kawaida, na wengi wakalia.

Wathesalonike nao walipata shida kama hiyo miaka mingi kabla. Walikuwa na misiba, wakauliza habari za wapendwa wao waliolala. Paulo aliwaandikia kwamba waliolala katika Kristo watafufuliwa kwanza na kwamba wote watakuwa pamoja na Bwana, akawaagiza wafarijiane kwa maneno hayo. Wengine walipoacha kazi, aliwaandikia tena kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Na kwa Wakorintho, baada ya kueleza ufufuo katika sura ndefu ya 15, hakuwaambia wafunge virago. Alimaliza kwa kuwahimiza wasimame imara na wazidi katika kazi ya Bwana, kwa sababu taabu yao si bure. Tumaini la kweli humrudisha mtu shambani, jikoni, darasani, na mazoezini siku ya Alhamisi hata mvua ikinyesha.

Wapendwa, tungeishia hapa tungekuwa tumejibu swali kwa mdomo tu. Lakini tulipokuwa tukisoma, Ufunuo 7 ilitugeukia sisi wenyewe. Mkutano ule unatoka katika kila taifa, kabila na lugha. Mnakumbuka mwanzo wa mwaka 2008, nchi ilipowaka baada ya uchaguzi. Kwaya hii ina watu wa kabila zaidi ya moja. Kuna Jumapili mbili hatukuimba, kwa sababu hatukuweza kuketi benchi moja. Jumapili ya tatu tulirudi, wengine wakiwa hawasalimiani, tukaimba tukitazama chini. Si ushujaa wa kujisifia. Lakini tuliimba, na taratibu salamu zikarudi. Tunawaambia vijana leo: mtu hawezi kuimba habari za mkutano ule akamkataa wa tena kwa sababu ya jina lake la ukoo.

Na kuna deni jingine. Miaka ya nyuma alifariki tajiri mmoja wa mtaa wetu. Tulikwenda watu 40, sare zimepigwa pasi, gari limelipiwa. Mwezi uliofuata alifariki mama mzee aliyekuwa akifagia kanisa hili na kuweka maua madhabahuni. Gari halikuwepo. Tulikwenda watu sita. Tuliimba sauti mbili tu, besi haikuwepo kabisa. Mwanawe alitushukuru kwa heshima, na shukrani ile inatuchoma hadi leo. Tulikuwa tukiimba kwamba mbinguni hakuna mkubwa wala mdogo, huku hesabu yetu ikisema vingine. Usiku huu, mbele ya mchungaji na washirika, tunaomba msamaha. Kamati ya kwaya imekubali kwamba kuanzia Yubile hii, msiba wa mshirika yeyote utapata sauti zote nne, gari liwepo au lisiwepo.

Hilo linatuleta kwenye neno lenyewe, Yubile. Linatokana na neno la Kiebrania la pembe ya kondoo dume. Katika Walawi 25, mwaka wa 50, pembe ilipigwa nchi nzima siku ya upatanisho. Ilipolia, aliyeuzwa alirudi kwa jamaa yake, na shamba lilirudi kwa mwenyewe. Kwa aliyewanyonya wenzake sauti ile ilikuwa mwisho wa faida. Kwa mtumwa ilikuwa sauti ya kurudi nyumbani. Parapanda tunayoiimba kwenye mazishi ni sauti ya namna hiyo. Ndiyo maana Ufunuo haumalizi kwa watu kuikimbia dunia. Katika sura ya 21 mji mtakatifu unashuka, Mungu anakuja kukaa na wanadamu na kufuta machozi yao yeye mwenyewe. Milango kumi na miwili haifungwi. Mti wa uzima una majani ya kuponya mataifa.

Binti yetu, baba yako alikuwa mtu wa kupanda miti. Hukututuma tuseme hivyo, lakini tulimjua. Hatuwezi kukuonyesha mbingu. Hatujui siku wala saa. Tunachojua ni kwamba yule aliyechinjwa yu hai, kwamba baba yako alilala akimtegemea, na kwamba hakuna aliyemdai uhai wake ili ampokee. Tulipoimba kaburini, hatukuwa tukimfukuza mtu duniani. Tulikuwa tukimkabidhi kwa mwenyewe.

Kesho, ibada ikianza, benchi la mbele upande wa alto litaachwa wazi kwa ajili ya wanakwaya wetu waliotangulia. Tutakapofika kwenye kiitikio cha wimbo wa mwisho, washirika wote simameni muimbe nasi, mnaojua noti na msiojua. Kule tuendako haikuandikwa kwamba kwaya itaimba na wengine wasikilize.

Binti yetu, fungua kitabu. Sauti ya alto inakusubiri.

Mungu awabariki. Amina.