Mahali pa Kusemea: Tiba ya Maongezi kwa Njia ya Simu

Mhadhara wa umma uliotolewa Mwankoko, Manispaa ya Singida

  Mhadhara wa namna hii kwa kawaida hutolewa chuoni, mbele ya majoho. Niliomba wa kwangu ufanyike hapa kwa sababu jambo ninalotaka kulisema nilijifunza hapa hapa, juu ya jabali lililo nyuma ya nyumba ya marehemu mama yangu.

Mama alipofariki nilikaa nyumbani hadi arobaini. Watu walipoanza kutawanyika, mimi ndipo nilipougua. Usiku moyo ulikwenda mbio kama wa mtu anayefukuzwa. Mchana kifua kilibana, nikawa naogopa hata kupanda basi kurudi kazini. Nilipimwa malaria, presha na moyo, na kila kipimo kikasema ni mzima. Rafiki akaniunganisha na mnasihi aliyekuwa Dar es Salaam, tukakubaliana kuzungumza kwa simu kila Jumatano jioni, dakika hamsini. Nyumbani bado palikuwa na ndugu kila chumba, kwa hiyo nilipanda jabalini, ambako na mtandao unashika vizuri. Siku ya kwanza upepo ulivuma, nikalazimika kupaza sauti. Nikatazama chini, nikaona watoto wanachunga mbuzi, wamesimama wananisikiliza. Nikanyamaza. Mnasihi akauliza, "Uko peke yako?" Nikajibu hapana. Akasema, "Basi leo nitauliza mimi, wewe utajibu ndiyo au hapana tu. Wiki ijayo tafuta mahali pa kusemea."

Maneno hayo matatu, mahali pa kusemea, nimeyabeba tangu siku ile. Naamini ndiyo kiini cha tiba yote ya maongezi, ya ana kwa ana na ya mtandaoni.

Tuanze na namna tunavyougua kwa Kiswahili. Mtu wa hapa akija zahanati hasemi ana ugonjwa wa wasiwasi. Husema kichwa kinauma, usingizi hauji, moyo unadunda, au kwa kifupi: "nina mawazo." Wengine wana sababu za kutosha. Bei ya alizeti iliposhuka mwaka 2023, wapo walioangalia magunia ndani ya nyumba na ada ya mtoto mkononi wakakosa usingizi. Mwalimu anayestaafu akiwa na miaka 60 hupoteza kengele iliyompangia siku kwa zaidi ya miaka thelathini. Mama aliyefiwa na mume anarithi shamba na kesi ya shamba kwa pamoja. Hawa hawana wazimu. Maisha yamegeuka ghafla, na mwili unaendelea kupiga mbiu ya hatari hata pale hatari yenyewe ilipokwisha kupita.

Wenzetu Washona wa Zimbabwe wana neno *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi. Daktari wa magonjwa ya akili wa huko, Dixon Chibanda, alijenga tiba yake juu ya neno hilo. Amesimulia hadharani mara nyingi jinsi alivyompoteza mgonjwa, binti aliyejiua baada ya kukosa nauli ya basi ya kurudi hospitali. Nauli ya basi tu! Kutoka hapa hadi Hospitali ya Mirembe, Dodoma, iliyoanza kuhudumia wagonjwa wa akili tangu miaka ya 1920, ni mwendo wa kilomita zipatazo 240, na nyote mnajua nauli ya kwenda na kurudi ni sawa na kuku wangapi. Mwaka 2006 Chibanda aliwafundisha mabibi kumi na wanne wa mtaa wa Mbare, Harare, kusikiliza watu kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Hatua ya kwanza waliita *kuvhura pfungwa*, kufungua fikra. Mgonjwa anataja matatizo yake yote, kisha yeye mwenyewe anachagua moja la kuanza nalo na kupanga hatua ndogo ya wiki hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia watu 573. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona kati ya waliokaa kwenye benchi walikuwa takriban 14 katika kila mia. Kwa waliopata huduma ya kawaida ya kliniki, walikuwa karibu 50.

Nawaomba mtafakari kidogo hapo. Mabibi wale hawakutoa dawa. Walichotoa ni masikio, utaratibu wa maswali, na benchi lililowekwa kando.

Sasa simu. Wapo wanaoona maongezi ya mbali ni jambo jipya na la baridi, lisiloweza kugusa moyo. Jambo hili si jipya. Sigmund Freud wa Vienna, mwaka 1909, alichapisha habari za mtoto aliyekuwa anaogopa farasi, na sehemu kubwa ya tiba ile ilipitia kwa baba wa mtoto na barua alizomwandikia Freud. Mwaka 1953 kasisi Chad Varah alifungua London laini ya simu kwa watu waliokuwa wanataka kujiua. Tafiti za miaka ya karibuni, hasa Sweden na Australia, zimeonyesha kwamba tiba ya wasiwasi inayotolewa kwa mtandao, ikiwa na mnasihi anayemfuatilia mgonjwa, huleta nafuu isiyopungua sana ile ya ana kwa ana. Mgonjwa akiachiwa programu peke yake, bila mtu upande wa pili, nafuu hupungua na wengi huacha njiani. Kwangu hilo ni jambo zito. Wanaotuuzia programu zinazojibu zenyewe watuonyeshe kwanza mtu atakayewajibika usiku ambao mgonjwa amezidiwa.

Yaliyonisaidia mimi yalikuwa madogo mno kuyaeleza. Mnasihi aliniandikisha kila siku niliogopa nini, nilifanya nini, na kilitokea nini. Wiki ya tatu akaniambia niende stendi, nikae dakika kumi, nirudi. Wiki ya nne nikapanda basi hadi Manyoni nikateremka. Moyo ulidunda, kisha ukatulia wenyewe. Wasiwasi hulishwa na kukimbia: kila unapokwepa, mwili unajifundisha kwamba ulikuwa sahihi kuogopa. Hiyo ndiyo kazi ya tiba hii, kuufundisha mwili upya kwa hatua unazoziweza, na kazi hiyo inapita vizuri kwenye simu.

Simu ina faida nyingine ambayo wataalamu wa mijini huipita haraka. Hapa kwetu kila mtu anamjua kila mtu. Ukionekana umekaa nje ya chumba cha afya ya akili, kabla ya jioni mtaa mzima umekwisha kukupangia jina. Neno "Mirembe" lenyewe tumeligeuza tusi, na ni aibu yetu, maana kule watu hutibiwa wakapona. Mnasihi wa mbali hamjui shemeji yako, wala hatakutana nawe kisimani. Mwaka 1989, Theresa Kaijage na wenzake walipoanzisha WAMATA kuwasaidia walioguswa na UKIMWI, nchi hii ilikuwa inajifunza upya kwamba mtu mzima anahitaji kusema bila kutangazwa. Ndiyo miaka ambayo maneno "ushauri nasaha" yalianza kuzoeleka masikioni mwetu, na tangu hapo wengi bado wanadhani ni ya kipimo cha VVU peke yake.

Lakini simu hiyo hiyo inayotunza siri yaweza kuimwaga. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba kampuni ya tiba ya maongezi ya Finland, Vastaamo, ilikuwa imeibiwa kumbukumbu za maelfu ya wagonjwa, na mwizi akawatumia wagonjwa wenyewe ujumbe akidai fedha. Mwaka 2023 mamlaka ya biashara ya Marekani iliitoza BetterHelp, kampuni ya tiba ya maongezi ya mtandaoni, dola milioni 7.8 kwa kupeleka taarifa za wateja wake kwa kampuni za matangazo. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ni sheria nzuri, ila haimzuii mume kuchukua simu ya mkewe na kusoma meseji, wala haimsaidii bibi anayetumia simu ya mjukuu.

Na kuna siri moja ambayo sheria yetu yenyewe inaifungia mlango. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mtu aliyefika ukingoni, akipiga simu, anahesabu maneno. Kenya, mwezi Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Nalisema hili nanyi mkiwa mashahidi: kifungu chetu kiondolewe. Hakuna mnasihi anayeweza kufungua mdomo ambao sheria imeushona.

Kwa sasa, kuna tunachokiweza hapa hapa. Visima virefu vya Mwankoko vinapeleka maji mjini Singida, na watu wa mjini wanakunywa bila kutujua. Ushauri nao waweza kufuata njia hiyo kwa kurudi: mnasihi awe mjini, Dodoma au Dar es Salaam, sisi tutoe mahali. Nimezungumza na wahudumu wa zahanati juu ya chumba kimoja. Kinahitaji mlango unaofungika, viti viwili, simu isiyo ya mtu, na dirisha lisilotazama foleni. Anayeingia asiandikwe sababu kwenye daftari la mapokezi. Aonekane kama aliyekuja kupima presha. Wazee wasiotaka kusema machungu yao kwa Kiswahili wapatiwe mtu wa kukalimani Kinyaturu, ambaye si jirani yao na aliyekula kiapo cha kutunza siri. Na mgonjwa akizidiwa, mhudumu aliye nje ya mlango awe anajua nani wa kumpigia na gari litatoka wapi.

Limebaki swali moja ambalo wahudumu waliniuliza nami nikashindwa kulijibu peke yangu, kwa hiyo nimelileta kwenu kabla hatujafungua majadiliano. Ufunguo wa chumba hicho akae nao nani?