Hotuba ya Mwenyekiti: Jiko la Tambi Tusilitupe



Miaka kumi tumeweka na kukopa. Leo naomba niseme juu ya jiko la zamani la mafuta ya taa. Tangu kodi ya mafuta hayo ipandishwe Tanzania mwaka 2011, kila tone ni pesa. Basi jiko likitoa moshi, msilitupe. Kwangueni masizi, osheni tangi, likauke kabisa. Tieni tambi mpya za pamba, urefu mmoja. Ngojeni zilowe ndipo mwashe. Moto wa buluu ndio mzuri. Wa njano unakula mafuta na kuchafua sufuria.

Jamani, msiongeze mafuta jiko likiwaka! Petroli msichanganye hata kidogo, watoto wataungua. Dirisha liwe wazi.

Pesa ya jiko jipya ileteni kwenye hisa.