Pampu ya Kisima: Itengenezwe au Inunuliwe Nyingine?



Pampu inapogoma na tanki likakauka, mwenye nyumba hushikwa na haraka, na haraka hiyo huuza pampu mpya nyingi. Kabla hamjatoa fedha, mtakeni fundi awaonyeshe kwa macho kilichoharibika. Mota inayovuma bila kuzunguka izimwe papo hapo isije ikaungua. Mara nyingi kilichokufa ni kapasita tu. Maji yanayodondoka penye shafti hutokana na sili iliyolika, na mlio wa kukwaruza ni wa beringi. Hivyo ni vipuri vya bei nafuu, na pampu ambayo mwili wake ungali mzima haistahili kutupwa kwa ajili yake.

Mota iliyoungua ni shauri jingine. Husukwa upya, naam, lakini gharama ikifika nusu ya bei ya pampu mpya, na mwili nao umeliwa na kutu kwa maji ya chumvi, kama katika visima vingi vya pwani, mimi ningenunua mpya.

Hata hivyo, ulizeni kwanza iliungua kwa nini. Umeme hafifu huunguza mota. Kisima kikipungua wakati wa kiangazi, pampu huzunguka bila maji na sili huharibika. Asiyeondoa chanzo atanunua ya pili, kisha ya tatu.

Mkinunua, daini risiti na hati ya dhamana yenye namba ya pampu hiyo. Mkitengeneza, daini kipuri kilichotolewa. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla ya yeyote kuifungua.