Mwendo, Ulimi na Hamu ya Chakula kwa Mwenye Kisukari

Sikudhamiria kuianza kazi yangu chuoni hapa kwa ugomvi, walakini ile hoja iliyoenea hata miongoni mwa matabibu, kwamba mwenye kisukari hana faida ya kutoka jasho kwa kuwa atakachokiunguza njiani atakirudisha mezani maradufu, imenikera muda mrefu, na maadamu nimepewa mimbari hii sitaipita kimya. Namna misuli inayofanya kazi inavyoivuta sukari kutoka damuni, hata insulini ikiwa haba, mwaijua nyote, siirudii.

Wenye hoja hiyo huichukulia njaa kuwa mizani isiyoongopa: kazi ikizidi, sahani nayo huzidi. Nawasihi waisome makala ya mwaka 1956 ya Jean Mayer na wenzake, ambayo kwangu mimi ni johari. Mayer, Mfaransa aliyehamia Marekani, pamoja na wenzake waliwachunguza watu 213 wa kinu kimoja cha juti huko Bengali ya Magharibi, katika nchi ya India: wenye vibanda vya biashara na makarani wasiobanduka vitini, mafundi mitambo, madereva, hadi wachukuzi wa makaa na majivu ambao, nadhani, hakuna aliyepata kuwashuku kwa uvivu. Kuanzia kazi nyepesi kwenda nzito, kila mtu alikula kadiri ya kazi yake wala hakunenepa. Lakini wale waliokaa kitako mchana kutwa walikula kuwazidi wenye kazi nyepesi, na ndio waliokuwa wanene. Basi mwenye hoja akinitajia mchukuzi wa makaa na sinia lake la wali, namjibu kuwa mchukuzi huyo amekula alichokwisha kukitumia, na kwamba mizani aliyoitaja huharibika kwa mwenye kukaa, si kwa mwenye kutembea.

Nitaambiwa kuwa watu wa kinu hawakuteuliwa kwa maradhi ya kisukari. Ni kweli. Ila ghrelini, homoni ya njaa waliyoivumbua Kojima na Kangawa wa Japani mwaka 1999, hushuka kwa muda baada ya mazoezi makali, na homoni za shibe zitokazo matumboni zikapanda. Ama mgonjwa atumiaye insulini anayerudi matembezini akitetemeka kwa njaa, huyo sukari yake imeshuka kupita kiasi. Dozi haikupatanishwa na mwendo wake, na si insafu kuyatwika mazoezi lawama ya hesabu mbovu.

Nije kwenye ulimi, mlango ambao wanachuoni huupita mbio. Wengi wenye kisukari hupungukiwa na wepesi wa kuutambua utamu, hata kijiko cha tatu cha sukari kikafuata cha pili pasipo mnywaji kukihisi. Lakini chembe za kuonja hufa na kuzaliwa upya kwa muda wa siku kama 10, kwa hiyo sioni sababu ya kuukatia tamaa. Marehemu mjomba wangu, nahodha aliyestaafu, alipoanza kwenda kwa miguu pwani kila jioni, haukupita muda akawa anamgombeza mkewe kwa kumtilia asali chaini, ilhali birika ni lile lile na kipimo ni kile kile. Wenzangu husema kuwa siku zile alikwisha kuacha halua, na kuacha huko ndiko kulikomzindua ulimi. Nimeipima hoja yao na naikubali nusu. Nusu ya pili naishikilia: mwendo nao huunoa ulimi.

Na mwendo wenyewe uwe baada ya chakula. Watafiti wa Otago, New Zealand, mwaka 2016 waliwapima wagonjwa 41 wa kisukari cha aina ya pili, wakaona kuwa dakika 10 za kutembea baada ya kila mlo ziliishusha sukari ifuatayo mlo kwa asilimia 12 kuliko dakika 30 za wakati wowote, na baada ya chakula cha usiku kwa asilimia 22. Wao waliitafuta sukari ya damu, si ladha. Mimi ningeongeza katika daftari yao kikombe cha chai, kionjwe kabla ya mwezi wa kwanza wa matembezi na baada yake.