Simu ya Mkononi na Miaka Zaidi ya 100 Jela

(Mazungumzo tuliyotoa katika semina ya haki na amani)



Kesi ya haki ina mambo mawili: vile ushahidi ulivyopatikana, na vile adhabu ilivyopimwa. Tukitetea la kwanza na kusahau la pili, mtu anaweza kushinda hoja yake kortini na kifungo kisipungue hata siku moja.

Hebu tuangalie kesi ya Timothy Carpenter wa Marekani. Huko, kila jimbo lina sheria zake, na serikali kuu ya shirikisho ina zake. Mwaka 2010 na 2011, genge moja liliiba kwa mabavu katika maduka ya simu sehemu za Detroit na Ohio. Wenzake walisema Carpenter ndiye aliyepanga, akaleta bunduki, na kulinda nje. Huyu si mtu wa kusifiwa, jamani. Lakini haki haipimwi kwa watu wazuri peke yao.

Wapelelezi wa FBI walichukua kutoka kwa kampuni za simu rekodi za mahali simu yake ilipokuwa. Zilikuwa za siku 127, alama 12,898, yaani karibu 100 kila siku. Korti ilitoa amri, lakini si kibali cha upekuzi, ambacho hudai sababu nzito zaidi. Ukijua simu ya mtu ilipo mchana na usiku, unajua anakolala, anakotibiwa, hata anakosali.

Tarehe 22 Juni 2018 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji 5 kwa 4, iliamua kwamba kwa rekodi kama hizo polisi kwa kawaida wapate kibali kwanza. Watu wengi walishangilia. Na Carpenter je? Mwaka 2019 korti ya rufani ilisema polisi walitenda kwa nia njema kulingana na sheria ya wakati ule. Kwa hivyo ushahidi ukabaki, na hatia ikabaki.

Sasa tuje kwenye adhabu. Alihukumiwa zaidi ya miaka 100. Kwa nini? Sheria ya shirikisho ilisema hivi: kosa la kwanza la bunduki katika uhalifu, miaka 5, kila linalofuata, miaka 25, moja baada ya jingine, hata kama yote yamesikizwa katika kesi moja. Yeye alikuwa na makosa matano ya namna hiyo. Piga hesabu: 5, na 25 mara nne. Ni miaka 105 kabla hujaongeza kifungo cha wizi wenyewe. Jaji hakuwa na ruhusa ya kupunguza.

Desemba 2018 Bunge la Marekani lilirekebisha jambo hilo. Miaka 25 sasa ni kwa yule ambaye hukumu yake ya kwanza ilikwisha kukamilika, naye akarudia. Makosa matano ya mtu wa kwanza yangeanzia miaka 25, si 105. Lakini sehemu hiyo ya sheria haikuandikwa iwafikie wale ambao hukumu zao zilikuwa zimekwisha kutolewa. Kosa ni lilelile, ila tofauti ni tarehe.

Hapa kwetu, Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano yetu. Na mwaka 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila muuaji ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2021 ikafafanua kwamba uamuzi huo ni wa kesi za mauaji tu.

Basi tukisikia sheria inabadilishwa, tumuulize Mbunge wetu maswali matatu. Polisi watahitaji kibali cha nani? Jaji atabaki na nafasi ya kumpima mtu na kosa lake? Na wale walio ndani tayari, sheria hii itawafikia? Hilo la tatu ndilo husahaulika, kwa maana walio ndani hawako mkutanoni kuuliza. Tuwaulizie sisi.