Baridi ya Tukuyu Haizuii Jua Kuunguza

Mwaka 2009 Brazili ilipiga marufuku vitanda vya taa ambavyo watu hulalia ili ngozi zao zigeuke rangi. Mwaka huohuo wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka miale ya vitanda hivyo katika kundi moja na tumbaku. Wenzetu, basi, wamewekewa sheria ya kuwakinga na jua la kununua. Je, sisi wenye jua la bure tumemkinga nani?

Nawazungumzia ndugu zetu wenye ualbino. Ngozi yao haina rangi ya kutosha kuzuia miale hiyo, na wengi hupatwa na saratani ya ngozi wangali vijana. Tukuyu hudanganya kwa mvua, ukungu na baridi ya kuvalia koti. Lakini miale inayounguza siyo joto. Hupenya mawingu mepesi, na huongezeka nguvu kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Mtoto anayepalilia viazi kwenye miteremko ya Rungwe huungua bila hata kutoka jasho.

Kinga ipo. Mafuta ya Kilisun hutengenezwa hapahapa nchini, Moshi. Hapana budi Halmashauri iagize mambo matatu: kofia pana na mikono mirefu vikubaliwe katika sare ya shule, mtoto mwenye ualbino asipewe kazi ya nje kati ya saa nne na saa kumi, na mafuta ya kinga yapatikane katika kila zahanati.

Agizo la kofia halingoji bajeti. Tuanze na hilo.