Hofu ya Mlinzi na Uhai wa Mpita Njia

Hotuba ya Ofisi ya Uhusiano wa Umma ya Polisi kwa wenyeviti wa mabaraza ya vijiji, kamati za usalama na walinzi wa kampuni binafsi



Tunawashukuru kwa kuitikia mwito. Mvua ya alfajiri ingekuwa udhuru wa kutosha, nanyi hamkuutumia.

Katika mkutano uliopita kijana mmoja wa kamati ya usalama alituuliza hivi: "Afande, kule Marekani mlinzi wa mtaa alimpiga risasi mtoto asiye na silaha, na mahakama ikamwachia huru. Je, mimi nikimwogopa mtu usiku, nina haki hiyo?" Tulimjibu kwamba sheria za Marekani si zetu, kisha tukaendelea na ajenda. Tulichosema kilikuwa kweli, lakini hakikuwa jibu. Leo tumekuja kulipa deni hilo.

Tuanze na kisa chenyewe, maana wengi wanakisimulia kwa kuongeza chumvi. Jioni ya tarehe 26 Februari 2012, katika mji wa Sanford, jimbo la Florida, kijana Mmarekani Mweusi aitwaye Trayvon Martin, mwenye umri wa miaka 17, alikuwa akirudi kutoka dukani kwa miguu. Alikuwa amenunua peremende na kopo la kinywaji. Mvua ilikuwa ikinyesha, naye alikuwa amejifunika kofia ya sweta yake. Katika mtaa ule wenye lango alikuwa mgeni wa halali, kwa kuwa yeye na baba yake walifikia kwa mchumba wa baba. George Zimmerman, mwenye umri wa miaka 28, aliyekuwa amejitolea kuongoza ulinzi wa mtaa, alimwona akiwa ndani ya gari. Kiunoni alikuwa na bastola aliyoimiliki kihalali.

Tuseme pia jambo ambalo wenye hasira hulisahau: mtaa ule ulikuwa umevunjiwa nyumba kadhaa. Hofu ya wakazi haikuwa ya kubuni. Zimmerman alifanya kama tunavyowafundisha ninyi kila siku, akapiga simu polisi. Alieleza kwamba amemwona mtu anayetia shaka, anatembea polepole mvuani huku akiangaza huku na huku. Mpokea simu alimuuliza kama anamfuata. Akakiri kuwa anamfuata. Akaambiwa kwamba polisi hawahitaji afanye hivyo. Dakika chache baadaye pakatokea mapambano, na risasi moja ikampata kijana kifuani. Zimmerman alikutwa ameumia pua na kisogo. Alisema aliangushwa na kichwa chake kikagongwa kwenye zege, akafyatua ili kuokoa maisha yake. Mtu wa pili ambaye angeweza kueleza jinsi ugomvi ulivyoanza alikuwa amekwisha kufa.

Hapo ndipo yalipoanza mabishano yaliyoigawa nchi ile. Polisi wa mji hawakumkamata mara moja, wakieleza kwamba hawakuwa na ushahidi wa kupinga madai ya kujihami. Florida ilikuwa imepitisha sheria mwaka 2005 inayomwondolea mtu aliye mahali pa halali wajibu wa kukimbia kwanza kabla ya kutumia nguvu. Majuma yakapita. Wazazi wakalia mbele ya kamera, maandamano yakaenea, na watu wengi wakavaa sweta zenye kofia kama ile ya marehemu. Zimmerman alishtakiwa kwa mauaji ya daraja la pili tarehe 11 Aprili, zaidi ya majuma sita baada ya kifo, tena na mwendesha mashtaka maalumu aliyeteuliwa kutoka nje ya wilaya ile. Mkuu wa polisi wa Sanford alikwisha kujiweka kando, na baadaye aliondolewa kazini. Sisi wa ofisi za uhusiano tunaijua ladha ya majuma kama hayo: kila siku ya kimya, jamii hujijazia yenyewe maelezo.

Vyombo vya habari navyo havikutoka safi. Kituo kimoja kikubwa cha televisheni kiliikata rekodi ya simu hata ikasikika kana kwamba Zimmerman aliitaja rangi ya kijana kwa hiari yake, hali mpokea simu ndiye aliyemuuliza. Kituo hicho kiliomba radhi, lakini radhi haina miguu mirefu kama uongo.

Tarehe 13 Julai 2013 jopo la wananchi sita, wote wanawake, lilimwona Zimmerman hana hatia, si ya mauaji wala ya kosa dogo la kuua bila kukusudia. Hapa tunaomba usikivu wenu wote. Hukumu ile haikutangaza kwamba alifanya vema. Kwa sheria ya Florida, upande wa mashtaka ndio uliopaswa kuthibitisha, pasipo shaka ya maana, kwamba hakuwa akijihami wakati wa kufyatua. Ushahidi wa sekunde zile za mwisho ulikuwa na giza. Kushuku, kufuata, kushuka garini na kutosikiliza ushauri si makosa ya jinai yenyewe, ingawa pasipo hayo kijana yule angefika nyumbani na peremende zake.

Waliokubaliana na hukumu walisema kwamba mtu hafungwi kwa sababu ya hasira ya umma. Waliopinga waliuliza: kijana wa Kizungu mwenye sweta ile ile, katika mvua ile ile, angefuatwa? Rais Obama, siku chache baada ya hukumu, alieleza kwamba yeye mwenyewe zamani angeweza kuwa kijana yule, na kwamba wanaume Weusi wengi wamewahi kusikia milango ya magari ikifungwa wanapovuka barabara. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zilikuwa na neno la haki, ila zilikuwa zikijibu maswali mawili tofauti. Mahakama iliulizwa juu ya risasi. Wananchi walikuwa wakiuliza juu ya shuku.

Miaka 8 baadaye, tarehe 23 Februari 2020, karibu na mji wa Brunswick jimbo la Georgia, Ahmaud Arbery, kijana Mweusi wa miaka 25, alikuwa akikimbia mtaani. Wanaume watatu Weupe walimfukuza kwa magari mawili wakimshuku wizi. Mmoja wao, aliyewahi kuwa afisa wa polisi, alikuwa pamoja na mwanawe, na mwana huyo ndiye aliyempiga risasi. Nao walidai kujihami. Waliegemea pia sheria ya mwaka 1863 iliyomruhusu raia kumkamata mwenziwe. Hawakukamatwa mpaka mwezi Mei, video ya tukio ilipoonekana na umma. Safari hii jopo liliwatia hatiani wote watatu, Novemba 2021, na wakapewa kifungo cha maisha. Sheria ile ya mwaka 1863 ilikwisha kufutwa mwaka huo huo. Anayemwinda mtu kwa bunduki, kisha akamuua kwa sababu mwindwa amejaribu kuishika bunduki hiyo, ana kazi ngumu kuuita mwisho huo kujihami.

Sasa turudi nyumbani. Mtasema kwetu hakuna suala la rangi. Kweli, lakini kuna lafudhi. Kuna nywele za rasta, kuna alama za usoni, kuna mchunga ng'ombe aliyepitiwa na usiku, kuna mtoto wa kambi ya wakimbizi asiyejua salamu za kijiji. Yowe la "mwizi!" halingoji kitambulisho.

Nasi hatusemi haya tukiwa na mikono mitupu. Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo tulichokuwa tukihudumu, kijana mmoja aliuawa usiku na walinzi wa jengo. Asubuhi redio zilitaka maelezo. Tulisema kwamba "mshukiwa wa wizi" amefariki. Neno hilo tulilipata kwa walinzi wenyewe, na hatukuliuliza limetoka wapi. Jioni mama yake akaja kituoni na shuka begani. Kijana alikuwa fundi wa mabomba, ameitwa na mpangaji wa jengo lile lile kwa sababu maji yalikuwa yakifurika; mfuko wake ulikuwa na spana. Mama hakulia mbele yetu. Alisema tu: "Wanangu, mmemuua walinzi wakiisha kumuua." Ilituchukua siku 4 kupata idhini ya kulirekebisha neno lile redioni. Siku 4 hizo msiba ulikaliwa na watu wachache kuliko ilivyostahili.

Kwa hiyo jibu la kijana wetu ni hili. Sheria ya Makosa ya Jinai ya Uganda inatambua haki ya kujihami, nayo huipima kwa misingi ya sheria ya Kiingereza: je, uliamini kwa dhati kwamba hatari iko juu yako, na je, nguvu uliyotumia ililingana na hatari hiyo? Panga lililoinuliwa ni hatari. Mtu anayekimbia kwa kukupa mgongo si hatari kwako. Raia anaruhusiwa kumkamata mtu katika hali zilizotajwa na sheria, kwa mfano anapoliona kosa zito likitendeka mbele yake, lakini sharti amkabidhi polisi bila kuchelewa, akiwa hai. Katiba ya mwaka 1995 inaulinda uhai, na inamhesabu mtuhumiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Mnapopiga 999 au 112, tuambieni mtu anafanya nini, si anafanana na nani. "Anapanda ukuta" ni habari. "Haeleweki" si habari. Kisha kaeni pale mlipo, penye taa, na msimfuate. Tunajua mtatuuliza, na mna haki ya kutuuliza, mbona gari la polisi hukawia. Hukawia. Mafuta hayatoshi na barabara zetu mnazijua. Tumewasilisha jambo hilo kwa wakubwa wetu na hatutaficha majibu tutakayopewa.

Walinzi wenye silaha wabaki baada ya mkutano. Afande wa idara ya upelelezi atawaeleza jinsi ya kuandika taarifa ya tukio, na namna ya kuandika neno "mtu" mahali ambapo kalamu inataka kuandika "mwizi".

Sasa tupokee maswali. Mwenyekiti wa kijiji cha sokoni ameinua mkono tangu tulipotaja panga, tuanze naye.